“Imepimwa Maabara”: Neno Hili Lina Uzito Gani kwa Antibayotiki Mpya?

  

Ndugu yetu mmoja wa Unguja, ambaye yuko Tarime kwa biashara na ana jamaa zake Mugumu, wilaya ya Serengeti, ametuletea suali. Mkewe anasumbuliwa na maradhi ya njia ya mkojo yanayokwenda na kurudi. Ameshakunywa vidonge vya aina mbili alivyonunua dukani bila ya kupimwa. Sasa anauziwa chupa ya dawa ya mizizi ambayo inasemwa imetoka kwenye miti ya Serengeti, na muuzaji anasisitiza kuwa ni “antibayotiki mpya, imepimwa maabara, inaua bakteria wote”. Anauliza mambo mawili. La kwanza, je, inajuzu kuitumia? La pili, je, neno “imepimwa maabara” linatosha kuwa hoja?

Jibu kwa ufupi ni hili. Kujitibu kwa miti ni halali kwa asili yake, na ni jambo ambalo wazee wetu wamelikuta na kuliacha. Lakini neno “imepimwa maabara” peke yake si hoja, mpaka tujue kilichopimwa ni nini, kwa kiasi gani, dhidi ya bakteria gani, na baada ya hapo nini kilionekana kwa watu. Kinachomlazimu ndugu yetu kwanza ni kuupeleka mkojo wa mkewe maabara uoteshwe, ili ajulikane bakteria aliyemo na dawa inayomuweza. Ufafanuzi unafuata, kwa sababu suali hili linazihusu nyumba nyingi zetu Unguja na Pemba.

Tusiidharau miti ya Mara

Mkoa wa Mara una elimu yake ya miti, na wanavyuoni wa fani hii wameichukulia kwa uzito. Mwaka 2007 na 2008, mtafiti Sheila Maregesi wa Muhimbili, pamoja na wenzake wa huko na wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walichapisha kazi waliyoifanya wilaya ya Bunda, ambayo inapakana na Serengeti. Waliwauliza waganga miti wanayotumia kutibu maradhi ya kuambukiza, kisha wakaipeleka maabara na kuipima dhidi ya bakteria, fangasi na virusi. Baadhi ya miti ilionesha nguvu na mengine haikuonesha. Hiyo ndiyo faida ya kipimo: hakimpendelei mganga wala hakimuonei.

Mfano wa pili ni wa ajabu zaidi. Kwenye nyanda za udongo mweusi za Serengeti, na upande wa Kenya pia, unaota mgunga mmoja wenye miiba iliyovimba chini kama vinundu. Upepo ukipita kwenye matundu ya vinundu hivyo, mti hupiga mbinja. Ndani yake wanaishi chungu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia na Kituo cha John Innes, vyote vya mji wa Norwich, Uingereza, waliwachunguza chungu wa aina ya Tetraponera penzigi waliotoka katika migunga hiyo huko Kenya. Wakamkuta bakteria ambaye hakuwa akijulikana, wakamwita Streptomyces formicae. Bakteria huyu anatengeneza kemikali ambazo zimepewa jina la formikamisini.

Mwaka 2017 walitangaza matokeo yao. Waliijaribu formikamisini dhidi ya bakteria sugu waliotoka kwa wagonjwa. Mmoja ni Staphylococcus aureus aina ya MRSA, anayeingia kwenye vidonda na damu. Mwengine ni Enterococcus asiyesikia dawa ya vankomaisini. Wote wawili walizuiwa. Kisha wakamlea MRSA kwa vizazi 20 ndani ya kiasi kidogo cha dawa hiyo, kiasi kisichomuua, ili waone kama atajifunza kuikwepa. Hakujifunza.

Sura ya 27 ya Qur'an tukufu imepewa jina la mdudu huyu, An-Naml. Muumini akisikia habari kama hii humtukuza Muumba. Lakini zingatia mambo mawili. Kwanza, formikamisini mpaka leo si dawa ya kununuliwa dukani, pamoja na matokeo yote hayo mazuri. Pili, nguvu yake imeonekana kwa kundi moja la bakteria tu. Bakteria anayeongoza kwa kuleta maradhi ya mkojo ni Escherichia coli, na huyo ni wa kundi jengine, lenye utando wa ziada kwa nje ambao huzizuia dawa nyingi zisipenye. Basi hata ingelikuwa ndani ya chupa ile mna formikamisini yenyewe, isingelifuata kwamba itamfaa mke wa ndugu yetu. Anayesema dawa yake “inaua bakteria wote” ameshajitangaza kuwa hajui anachokisema.

Kipimo chenyewe kinafanywaje?

Mtaalamu wa maabara huanza na kisahani chenye agari, chakula cha bakteria kilichoganda mfano wa jeli. Agari hutolewa kwenye mwani. Si mwani ule wanaolima mama zetu wa Paje na Jambiani, ambao hutoa karajinani, lakini ni ndugu yake wa baharini. Juu ya agari anampaka bakteria aliyemtoa kwa mgonjwa, kwa kiasi kilichopimwa ili wasizidi wala wasipungue. Kisha anaweka vidonge vidogo vya karatasi vilivyotiwa dawa mbalimbali, na kisahani kinaingia katika mashine ya joto la nyuzi 35 hivi kwa saa 16 hadi 18.

Siku ya pili bakteria wameota na kuenea kama ukungu juu ya kisahani chote, isipokuwa pale ambapo dawa imewaweza. Hapo hubaki duara safi. Duara hilo linapimwa kwa milimita na kulinganishwa na jadweli la kimataifa, ambalo ndilo linaloamua kama bakteria ni dhaifu mbele ya dawa hiyo au ni sugu. Duara kubwa pekee halitoshi kuhukumu, kwa sababu kila dawa ina kipimo chake. Na kila mara hupimwa pia bakteria wa kulinganishia, anayejulikana tabia yake. Akitoa jawabu lisilo lake, kazi yote ya siku hiyo hutupwa na kuanzwa upya.

Kwa dawa mpya kuna kipimo chengine kilicho muhimu zaidi. Dawa inapunguzwa nusu kwa nusu katika mfululizo wa visima vidogo. Kisima cha mwanzo kina kiasi fulani, cha pili nusu yake, cha tatu robo, na kuendelea. Kila kisima kinatiwa bakteria. Kisima cha mwisho ambacho maji yake yamebaki safi ndicho kinachoonesha kiasi cha chini kabisa cha dawa kinachomzuia bakteria. Baadaye huangaliwa kama bakteria amekufa kweli au amelala tu, maana aliyelala anaweza kuamka.

Hapa ndipo neno “imepimwa” linapopata maana. Sabuni huua bakteria katika kisahani. Siki huua. Maji ya jiki huua kuliko antibayotiki yoyote, na hapana mtu mwenye akili atakayempa mgonjwa jiki anywe. Kwa hiyo suali si kama dawa imeua. Suali ni imeua kwa kiasi gani, na je, kiasi hicho kinaweza kufika penye maradhi bila ya kumdhuru mtu.

Tufanye hesabu. Antibayotiki ya seftriaksoni inahesabiwa kuwa inamuweza E. coli ikiwa mikrogramu 1 tu katika mililita moja inatosha kumzuia. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Sasa chukua maji ya mizizi ambayo yanamzuia bakteria kwa miligramu 5 katika mililita moja. Hiyo ni mara 5,000 ya ile. Mtu mzima ana kiasi cha lita 5 za damu. Ili damu yake ifike kiwango hicho zinahitajika gramu 25 za kamulio hilo ndani ya damu yenyewe, si tumboni. Hilo haliwezekani kwa kunywa vikombe viwili. Basi mti unaweza ukaonesha duara zuri katika kisahani, na bado usiwe dawa ya maradhi yaliyoingia mwilini.

Bakteria wa kabatini na bakteria wa wodini

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji. Maabara nyingi zina bakteria wa kuwekwa, wanaohifadhiwa miaka na miaka kwa ajili ya majaribio na kusomesha. Hao wengi wao ni wapole. Bakteria anayetoka kwa mgonjwa wa leo ameshapambana na dawa nyingi, na amebeba silaha ambazo yule wa kabatini hana. Dawa mpya inayomshinda wa kabatini imepiga hatua ya mwanzo tu. Ni lazima ijaribiwe dhidi ya bakteria waliotoka kwa wagonjwa wengi, wa hospitali tafauti, wakiwemo wale sugu.

Kwa watu wa Tarime na Serengeti, bakteria wa wodini si hadithi ya mbali. Mgonjwa aliyezidiwa mkoani Mara hupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, ambayo ni hospitali ya Kanda ya Ziwa. Mwaka 2009 hapo Bugando walichunguzwa watoto wachanga 300 waliodhaniwa kuwa na maambukizi katika damu. Walifariki 57, yaani 19 katika kila 100. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ni wale ambao bakteria alionekana katika damu zao, na khasa bakteria sugu. Kila mmoja wa watoto hao alikuwa na mama aliyekwisha kumpa jina au alikuwa akisubiri siku ya saba.

Kuhusu mkojo wenyewe, mradi wa HATUA uliwapima wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa Tanzania ulifanya kazi Mwanza, Kilimanjaro na Mbeya. Miongoni mwa waliothibitika kuwa na maambukizi, takriban nusu walikuwa na bakteria wanaoshinda makundi matatu ya dawa au zaidi. Hili huenda likaeleza kwa nini vidonge viwili vya dukani havikumsaidia mke wa ndugu yetu.

Na sisi visiwani hatukusalimika. Mwaka 2009 na 2010, hospitali za Chake Chake, Wete na Mkoani zilichukua damu za wagonjwa wenye homa na kuziotesha, kazi iliyofanywa pamoja na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi. Bakteria aliyeonekana zaidi alikuwa wa homa ya matumbo, na wengi wao walikuwa sugu kwa dawa kadhaa za zamani. Tukumbuke kuwa kile kipimo cha haraka cha Widal, ambacho watu wengi huambiwa kwacho kuwa wana taifodi, hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta askari wa mwili, na askari hao wanaweza kubaki muda mrefu baada ya vita kwisha. Mtu anaweza kumeza dozi tatu za taifodi kwa mwaka na asiwe ameugua taifodi hata mara moja. Kila dozi ya bure inawafundisha bakteria mbinu mpya.

Masafa baina ya kisahani na mgonjwa

Dawa ikishapita kwa bakteria wa wodini, inaangaliwa kama inaumiza chembe hai za binaadamu, ini, figo na damu. Kisha inajaribiwa kwa wanyama. Kisha kwa watu wachache wazima wa afya, kutazama usalama na dozi. Kisha kwa wagonjwa wachache, na mwisho kwa wagonjwa wengi wanaogawanywa makundi mawili, moja likipewa dawa mpya na jengine dawa iliyozoeleka. Dawa ya gepotidasini, ambayo ni ya maradhi ya mkojo kwa wanawake, iliidhinishwa Marekani Machi 2025 baada ya kupita njia hiyo ndefu. Dawa nyingi huanguka njiani, na kuanguka kwao maabara ni rehma kwetu, maana zingelianguka ndani ya miili yetu.

Mtu asidhani kuwa utaratibu huu ni wa kigeni kwa Waislamu. Al-Razi, tabibu mkubwa aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, alieleza kuwa aliwatibu wagonjwa fulani kwa kuwatoa damu na akawaacha wengine kusudi, ili aone tafauti yao. Ibn Sina, katika kitabu chake Al-Qanun, aliweka masharti saba ya kuijua nguvu ya dawa kwa majaribio. Miongoni mwayo ni kuwa dawa ijaribiwe kwa maradhi moja yasiyochanganyika na mengine, itazamwe wakati inapoanza kufanya kazi, athari yake ionekane mara nyingi si mara moja, na ijaribiwe kwa binaadamu, kwa sababu kinachomfaa mnyama huenda kisimfae mtu. Anayedai uthibitisho, basi, yuko katika njia ya wanavyuoni wake.

Sharia inasemaje?

Kwanza, kujitibu kumeamrishwa katika Sunna, na tumefundishwa kuwa Allah (S.W.) hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa. Kuitafuta dawa mpya ni katika kutekeleza mafunzo hayo. Wale wanaokesha maabara wakiifanya kazi hii kwa ikhlasi wanatekeleza fardhi kifaya kwa niaba yetu sote.

Pili, kanuni ya sharia ni kutokudhuru na kutokulipiza madhara. Anayemzuia mgonjwa asifike hospitali kwa kumpa matumaini ya chupa, naye hajui kilichomo, amebeba dhima. Mafakihi wamesema, kwa kutegemea hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kuwa anayejitia utabibu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu, hudhamini alichokiharibu. Hukumu hii inamgusa mganga, muuza duka la dawa, na hata jirani anayegawa vidonge vyake vilivyobaki.

Tatu, kuwajaribia watu dawa mpya kunajuzu kwa masharti: hatua za kabla yake ziwe zimepita, faida itarajiwe kuzidi madhara, na mgonjwa au walii wake aelezwe kila kitu na aridhie kwa khiari. Chupa inayouzwa mitaani kabla ya kuthibitishwa ni jaribio pia, ila ni jaribio ambalo mgonjwa hakuambiwa kuwa anajaribiwa, na juu yake analipa pesa. Hiyo ni ghushi, na ghushi ni haramu.

Nne, kombe, ruqya na dua havigombani na maabara. Msomee mgonjwa wako na umuombee, na hapo hapo mpeleke apimwe. Aliyefunga ngamia wake kisha akamtegemea Mola wake hakupungukiwa na tawakkul.

Tano, kwa mgonjwa wa Ramadhani: antibayotiki ya kila baada ya saa nane haigeuzwi kuwa ya futari na daku kwa rai ya mtu mwenyewe. Muulize daktari kama ipo inayotumiwa mara moja au mbili kwa siku. Ikiwa haipo, na kuchelewesha dozi kunadhuru, basi una rukhsa ya kula na utalipa siku hizo.

Nasaha kwa ndugu yetu na kwa kila familia

Mkojo wa kuotesha uchukuliwe kabla ya kuanza dawa mpya. Mgonjwa ajisafishe, aache mkojo wa mwanzo upite, akinge wa katikati katika kichupa safi cha maabara, na ufikishwe ndani ya saa mbili. Majibu huchukua siku mbili au tatu. Akiwa na homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni au ni mjamzito, asisubiri majibu nyumbani. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ukiambiwa dawa imepimwa, uliza: imesajiliwa na nani? Kwa dawa za hospitali huko bara ipo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kwa dawa za asili lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kwetu visiwani upo Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Muuzaji mkweli hatakasirika kwa kuulizwa.

Dozi itumiwe kama alivyoandika daktari, isikatwe siku maumivu yanapopoa wala isigaiwe kwa mwengine. Mafua ya kawaida yanatokana na virusi na hayaponi kwa antibayotiki. Na kwa kuwa Tarime na Serengeti ni nchi ya wafugaji, dawa za ng'ombe zisitumiwe kwa watu, na maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano yasiuzwe wala kunywewa mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye dawa. Kumficha mnunuzi jambo hilo ni katika ghushi tuliyoitaja.

Ama chupa aliyouziwa ndugu yetu, rai yetu ni kuwa asimpe mkewe mpaka apate majibu ya maabara na amuoneshe daktari. Mti wenyewe huenda una kheri ndani yake. Basi wapelekewe wenye ujuzi waupime kwa haki, kama ilivyopimwa miti ya Bunda na kama walivyochunguzwa chungu wa migunga, ili kheri hiyo iwafikie watu ikiwa imethibiti.

Tunamuomba Allah (S.W.) amponye mke wa ndugu yetu na wagonjwa wetu wote, na awazidishie elimu na ikhlasi wanaowahudumia.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.